Wana wa Babu (Wote)

Shangazi 08:12
Assalaam alaykum. Narudia: Jumapili saa kumi, suala la Babu na wajukuu. Kila mtu athibitishe. Mkisoma mkanyamaza nitawapigia mmoja mmoja.

Shangazi 08:40
Kwa faida ya waliolala: kwa sheria yetu ya Kiislamu watoto wa marehemu kaka hawarithi kitu Babu akiondoka, maana ami yao yuko hai. Ndiyo sababu Babu anataka kuwausia. Wasia mwisho theluthi, baada ya mazishi na madeni. Ikizidi, mpaka sisi warithi tukubali.

Ami 09:55
Theluthi ya nini? Nyumba moja utaikataje?

Mrefu 09:56
Wapewe choo na varanda 😂

Binti Ami 09:58
Mimi natosheka na paa

Shangazi 10:01
Nyie watoto! Ni hisa, siyo ukuta.

Ami 10:20
Na wanangu je? Au wajukuu ni wa kaka tu?

Shangazi 10:21
Wako wana baba. Yatawafikia kupitia kwako.

Ami 10:22
Kama cherehani ya Mama ilivyonifikia?

Shangazi 10:22
Usianze.

Mrefu 10:23
🍿

Mama Pacha 11:47
Cherehani ninayo, kanyagio limeshika kutu. Mwenye haki aje aichukue. Mimi sijaomba kitu humu.

Ami 11:49
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi 11:50
Nimeuona.

Binti Ami 12:30
Kwani Babu asiwape zawadi ya hiba sasa, angali mzima? Hiba haina theluthi.

Shangazi 12:34
Hiba ni kukabidhi, mwanangu. Akishakabidhi si yake tena. Atalala wapi? Na pacha wana miaka tisa, nani awashikie?

Mrefu 12:35
Mimi niko tayari kushika 🙋🏾‍♂️

Shangazi 12:35
Wewe shika adabu.

Babu 16:20
Nimesoma yote. Bado sijafa. Cherehani niliitoa mimi kwa mkono wangu, asiulizwe mtu tena. Wasia nitaandika niuonavyo.

Ami 17:05
Sawa Baba.

Mama Pacha 17:06
🙏🏾

Shangazi 17:10
Basi Jumapili ipo palepale. Mashahidi wawili, wasiwe wenye kupewa. Nani anajitolea?

Shangazi 19:32
???

Binamu wa Nje 22:48
Salama jamani? Ndiyo nafungua simu. Jumapili kuna nini?

Ami 22:55
Mimi Jumapili nina safari. Ila msimamizi wa hao watoto asiwe mtu mmoja.

Shangazi 22:56
Safari gani tena? Pokea simu.