Upanga wa Kijapani wa babu: niuache na kutu yake au niupeleke kwa fundi?

Mjukuu wa Keya, Kitangiri

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kabla ya Jumamosi. Siku hiyo baba mdogo anakuja kutoka Magu, na ameagiza akute upanga umeshatoka kwa fundi.

Nianze mwanzo. Babu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Bama (Burma, leo Myanmar) mwaka 1944. Alirudi na blanketi, kikombe cha bati na upanga wa Kijapani. Alitusimulia kwamba aliuokota pembeni mwa njia karibu na mji wa Tamu huko Bama, tope likiwa magotini. Mjapani mwenye upanga alikuwa amekaa, ameegemea mti, amekufa, na mwilini hana jeraha. "Yule aliuawa na njaa, mimi sikumuua." Hilo babu alilirudia kila aliposimulia, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Kijijini upanga ulikaa darini. Kila masika zikikaribia babu aliushusha, akaufuta, akaupaka samli, akaurudisha. Baba alipofariki ukaja kwangu. Nyumba yetu iko karibu kabisa na ziwa, na tangu ufike naona kutu inaongezeka: madoa mekundu karibu na ncha, mengine katikati.

Nimeupima kwa tepu ya fundi cherehani. Ubapa ni sentimita 66 kutoka kwenye kikingio cha mkono hadi nchani. Mpini umezungushiwa utepe wa kahawia uliopishanishwa ukaacha vidirisha, na ndani ya vidirisha inaonekana ngozi nyeupe yenye punje ngumu. Vyuma vya mpini vina maua ya petali tano. Kitakoni mwa mpini kuna kialama cha fedha, kidogo kama ukucha: manyoya mawili ya ndege yaliyopishana. Kuna pia kipande cha kamba, kahawia kwa buluu. Ala imevishwa ngozi iliyopasuka.

Fundi wa kuchomelea pale Mabatini anataka elfu ishirini, aupitishe grenda kisha msasa "hadi ujione sura". Dalali mmoja ametaja laki nne, ila kwa sharti kwamba ung'ae. Je, ni upanga wa samurai kweli? Na nimwachie fundi?

Mwaloni 77

Pole kwa kuondokewa na mzee. Mimi ningekuwa mwangalifu, nakala ni nyingi. Jamaa yangu alinunua mmoja kwa bei ya pikipiki, kumbe chuma cha pua cha kutundika ukutani. Tazama kama ubapa una namba iliyogongwa karibu na kikingio.

Bi Noleo, Capri Point

Mwanangu, huyo fundi mwambie asubiri. Nakuomba kwa dhati, usimpe hata kwa saa moja.

Niliishi Nagoya miaka sita mume wangu alipokuwa masomoni, na kule ndiko nilikoanza kukusanya tsuba, yaani hivyo vikingio vya mkono. Ninavyo kumi na kimoja. Panga sina, lakini nimezishika nyingi, na maelezo yako yamenifanya nisimame nikatembee chumbani.

Nilichokielewa ni hiki. Maua ya petali tano ni ya mcheri, alama ya panga za jeshi la Japani. Samurai walikatazwa kutembea na panga hadharani mwaka 1876, kwa hiyo huyo mwenye upanga hakuwa samurai, alikuwa afisa wa jeshi. Kamba ya kahawia kwa buluu ilikuwa ya maafisa wa ngazi ya luteni hadi kapteni. Meja na kanali walifunga kahawia kwa nyekundu. Na hiyo ngozi ya punje ni ya taa, yule samaki bapa wa baharini ambaye sisi wa ziwani hatumvui.

Ndugu yetu wa Mwaloni ameuliza vema kuhusu namba. Panga za masajini, modeli ya 95, zilitoka kiwandani na namba kwenye ubapa, na mpini wake ni wa chuma kilichopakwa rangi ili ufanane na uliofungwa utepe. Wako una utepe na ngozi halisi, kwa hiyo nadhani ni modeli ya 98 ya maafisa. Hiyo 98 inatokana na mwaka 2598 wa kalenda yao ya kifalme, ambao kwetu ni 1938.

Ila vazi la upanga ni jambo moja na ubapa ni jingine. Afisa alijinunulia upanga wake mwenyewe. Wengi walichukua ubapa mpya wa wakati wa vita, lakini wapo waliotoa ubapa wa mababu, wa miaka mia tatu au zaidi, wakauvalisha mpini na ala ya kijeshi. Kwa nje huwezi kujua. Jibu limo ndani ya mpini, kwenye msuka, yaani ule mkia wa ubapa unaoingia mpinini.

Angalia mpini, utaona kijiti cha mwanzi kilichopenya upande hadi upande, pengine viwili. Kina upande mnene na upande mwembamba. Kigonge taratibu kutoka upande mwembamba kwa kijiti kingine na nyundo ya mbao. Kikitoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto, ubapa ukiwa wima na umelala kidogo, kisha piga ngumi yako ya kushoto kwa ngumi ya kulia, polepole, mpaka ubapa ulegee. Awepo mtu mzima wa kukusaidia, na watoto watoke nje. Usilazimishe, ukikataa, acha.

Msuka utaukuta una kutu. HIYO KUTU USIIGUSE. Usiipake mafuta, usiikwangue hata kwa kucha. Wataalamu husoma umri wa upanga kwa rangi ya kutu ya msuka: nyeusi iliyotulia ni ya karne nyingi, nyekundu ya juu juu ni ya juzi. Ukiisafisha umefuta cheti cha kuzaliwa. Nimewahi kuona msuka uliosuguliwa kwa msasa na mtu aliyetaka kusoma jina vizuri zaidi. Jina lilisomeka, ila hakuna aliyeweza tena kusema kama lilikuwa la kweli.

Piga picha pande zote mbili, utuwekee hapa.

Mhunzi wa Sengerema

Naunga mkono, na niongeze la kwangu kama mtu wa chuma. Kwetu tunatoka kwa Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma Uzinza na kuwauzia Wasukuma majembe, basi moto na chuma nimevijua tangu utotoni. Grenda inachoma. Ukiona chuma kimegeuka buluu ukingoni, ujue ugumu wa makali umekwisha, na haurudi kwa kusugua. Ubapa wa Kijapani unapakwa udongo kabla ya kuzamishwa majini, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, ili makali yapoe haraka yawe magumu na mgongo ubaki laini usivunjike. Ndiyo maana kuna ule mstari kama wimbi kando ya makali, wenyewe wanauita hamoni. Fundi wa Mabatini kwa dakika tano anaweza kuharibu kazi ambayo mhunzi aliihesabia kila pumzi ya mvukuto.

Wajapani nao waliyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa ya miti kwenye tanuri la udongo. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu yangu.

Mjukuu wa Keya, Kitangiri

Asanteni sana. Jana usiku nimeufungua pamoja na mke wangu. Kijiti kilikuwa kimoja, kikatoka kwa shida. Mpini ulipolegea ikatoka harufu ya samli ya zamani, ile ile ya nyumba ya babu, nikakaa chini kwanza.

Msuka una kutu ya kahawia kuelekea nyekundu. Tundu ni moja. Upande mmoja kuna herufi saba zilizochongwa kwenda chini, na juu yake mhuri mdogo kama punje ya mchele. Picha hizo hapo. Sikugusa kitu.

Bi Noleo, Capri Point

Umefanya vizuri sana, mwanangu, na picha zinasomeka. Herufi nne za kwanza ni Noshu Seki ju, maana yake mkazi wa Seki, katika jimbo la Mino. Zinazofuata ni jina la mhunzi na neno "ametengeneza". Huo mhuri mdogo ni wa wakati wa vita, uligongwa kwenye panga ambazo hazikufuliwa kwa njia ya asili kikamilifu. Mara nyingi chuma chake ni cha viwandani na kilipozwa kwa mafuta badala ya maji.

Nikuambie wazi: si wa kale. Umri wake haufiki hata ule wa babu yako. Seki ni mji wa wahunzi tangu enzi za kati, nimeutembelea mara tatu, na wakati wa vita ulitoa panga nyingi mno za jeshi. Japani kwenyewe upanga wa aina hii hausajiliwi, kwa hiyo atakayekuambia atakutafutia mnunuzi Tokyo anakudanganya.

Manyoya yaliyopishana ni ya mwewe, na ni nembo ya ukoo. Afisa aliyeweka nembo ya fedha kwenye mpini alikuwa anasema yeye ni mtoto wa nani. Nembo hiyo inashirikiwa na koo nyingi, kwa hiyo haitakupeleka kwenye mlango wa mtu, lakini usiibandue.

Na simulizi ya babu yako inalingana na vita vyenyewe. Wajapani walishindwa Imphal, upande wa India, wakaanza kurudi nyuma Julai 1944 katikati ya masika ya kule, bila chakula, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata kutoka Tamu, ikashuka bonde la Kabaw hadi Kalewa, ikafika Desemba. Andika alichokisimulia, kwa maneno yake, na karatasi ikae pamoja na upanga. Kwangu mimi hiyo karatasi ina thamani kuliko ubapa.

Sasa matunzo. Samli ilisaidia, bila hiyo ungekuta mashimo. Lakini samli ikikaa inachacha na kula chuma. Chukua pamba na spiriti, futa ubapa kutoka kwenye kikingio kwenda nchani, mgongo ukielekea kiganjani, kamwe usirudi nyuma. Kisha mafuta ya cherehani, tone mbili tatu kwenye kitambaa laini cha pamba, uache utando mwembamba tu. Wajapani hutumia mafuta ya mimea yenye harufu ya karafuu, na Nagoya nilikuwa nikinusa chupa ile nikikumbuka Pemba kwetu. Ya cherehani yanatosha. Usishike ubapa kwa vidole, jasho huacha alama. Madoa mekundu yatabaki, yaache. Ngozi ya ala inavuta unyevu wa ziwa, kwa hiyo kila mwezi utoe uutazame. Ulale, makali juu, mbali na ukuta wa nje.

Mjukuu wa Keya, Kitangiri

Bi Noleo, shikamoo, na asante mno. Baba mdogo amefika leo. Nilimsomea majibu yenu yote, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama kijiti cha mwanzi nimekirudisha mahali pake, nikamwonyesha.

Dalali nimemwambia hauuzwi. Baba mdogo anakumbuka mengi kuliko mimi, hata jina la rafiki wa babu aliyekufa kwa homa kabla ya kuvuka mto Chindwin. Ameanza kuyataja, nami naandika kwenye daftari la shule la mwanangu. Tuko ukurasa wa tatu.