Kupandisha DA au kuandika upya kurasa: hela iende wapi?

Kibo_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Nina tovuti ya kupandisha watalii Kilimanjaro. Kuna kampuni ya masoko inasema hatuonekani Google kwa sababu DA yetu (Domain Authority, alama ya nguvu ya tovuti) ni 12 na washindani wako juu ya 35. Wanataka niwalipe kila mwezi waipandishe. Mke wangu anasema hela hiyo heri tuandike upya kurasa za njia za Machame, Marangu na Lemosho, tuweke na picha zetu wenyewe. Kipi kitangulie?

FundiTovuti: Mkuu, msikilize shemeji. DA ni alama ya Moz, kampuni ya zana za kupima tovuti, wanakadiria wenyewe kwa kuangalia linki zinazokuja kwako. Ahrefs, kampuni nyingine ya aina hiyo, nao wana DR (Domain Rating) yao, ambayo haihesabu mgeni hata mmoja. Google wameshasema mara kadhaa hawatumii DA. Wao wana PageRank, kipimo chao wenyewe cha linki, waliyoibuni Larry Page na Sergey Brin wakiwa Stanford. Zamani tuliiona kwenye kivinjari, 0 hadi 10, na watu wakauziana linki kama nyanya za mnadani, mpaka ilipoondolewa hadharani 2016. Linki bado wanaziangalia, ila namba hawakuoneshi.

WaKilindini: Fundi, usiitupe yote. Mimi huuza nafasi za matangazo kwenye blogu yangu hapa Mombasa, na mteja huuliza DA kabla hata ya bei. Kwangu mimi hiyo ni pesa. Lakini mtalii anayetafuta mlima? Hajui hata kama kuna kitu kama hicho.

Kibo_Moshi: Wameniahidi linki 200 kwa mwezi. Kuna ubaya?

DadaTakwimu: Upo, kaka. Kununua linki ili upande ni kinyume cha kanuni za Google. JCPenney, duka kubwa la Marekani, lilishushwa 2011 baada ya New York Times kuanika linki zake. Mwaka uliofuata ikaja Penguin, sasisho la Google la kupambana na linki za ujanja, ikafagia wengi.

Fungua Search Console, zana ya Google ya kuona tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ni bure. Chagua ukurasa mmoja, angalia maneno waliyoandika watu, umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi. Rafiki yangu ana nyumba ya wageni. Ukurasa wake wa bei ulikuwa unatokea vizuri tu, ila habofyi mtu. Kumbe kichwa chake kwenye matokeo kilisomeka "Home 2". Tukaweka jina la nyumba, mji na bei ya usiku. Maulizo yakaanza kuingia, na DA haikusogea hata kidogo.

Kibo_Moshi: Nimefungua sasa hivi. Machame inaonekana sana, nafasi ya wastani ni 9, kubofya karibu hakuna. Kichwa ni "Packages". 😂

FundiTovuti: Haya, kazi hiyo hapo. Andika siku ngapi, bei, na kilichomo: ada za hifadhi, wapagazi, mahema, chakula. Wateja wako wenye vilabu vya kupanda milima kwao waombe wakutaje kwenye tovuti zao. Linki ya namna hiyo hainunuliwi.

WaKilindini: Na ofisi yako iwe kwenye ramani ya Google, na namba ya WhatsApp inayopokelewa.

Kibo_Moshi: Lemosho haina bei kabisa, naanza na hiyo. Wajerumani wanakuja wengi. Nani hapa anaandika Kijerumani cha kueleweka?