Kundi la WhatsApp la maktaba limejaa: nihamie Telegram au nifungue chaneli?

Rafu ya Pili
Wakuu, habari za jioni. Kundi la WhatsApp la maktaba yetu ya wilaya limefika watu 1,024, halipokei tena hata mmoja, na kila siku wanafunzi wanakuja kaunta kuomba waunganishwe. Nataka nihame wiki hii hii. Telegram au chaneli ya WhatsApp? Ukurasa wa Facebook tunao ila umelala. Naombeni ushauri wa kitaalamu, kejeli wekeni pembeni.

Kisu cha Bahasha
Inategemea unatuma nini, mkuu. Kwenye chaneli wafuasi hawaoni namba za wenzao na hawawezi kukujibu. Wanabonyeza emoji na kupiga kura, basi. Inafaa matangazo: vitabu vipya, saa za kufungua, leo umeme hakuna. Mjadala unataka kundi. Kwa hiyo fungua chaneli, na kundi la sasa libaki la klabu ya wasomaji. Telegram inabeba hadi watu 200,000 kwenye kundi moja, ila wanafunzi wengine wana bando la WhatsApp tu. Utahamia nyumba kubwa isiyo na wageni.

Chumvi Nyingi
Maktaba yenye watu 1,024 kundini! Na kwenye viti je, wangapi? 😂

Mama Kadi
Mimi nauliza laini ni ya nani. Kama kundi umelifungua kwa namba yako, siku ya uhamisho maktaba inabaki yatima. Sajili laini kwa jina la taasisi, weka WhatsApp Business, washa PIN ya tarakimu 6 na uiunganishe na barua pepe ya ofisi, siyo ya kwako. Akaunti moja inakubali vifaa vinne vya ziada, kwa hiyo kompyuta ya kaunta inatosha kujibu wasomaji. Na laini isitupwe kwenye droo: akaunti isipotumika siku 120 inafutwa. Facebook nako wawe watu wawili wenye udhibiti kamili wa ukurasa, maana akaunti ya mmoja ikifungiwa ukurasa unakwenda nayo.

Halafu hao ni wanafunzi. Kundini kila mtu anaona namba ya mwenzake, na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Bwana Faharasa
Kundi halijai usiku mmoja. Kwa nini wiki hii hii?

Rafu ya Pili
Nafasi imeisha tu mkuu, nimeshaeleza.

Bwana Faharasa
Hujaeleza. Aliyejaza kundi anafungua la pili, dakika tano. Wewe unahama. Unakimbia nini?

Rafu ya Pili
Haya. Kuna mtu ameandika kundini kwamba ni wakala wa mchapishaji, anataka tuondoe mafaili. Ni PDF za vitabu vya fasihi vya sekondari, 11 tu. Tuna nakala mbili mbili, na wanafunzi wanaokodi vitabu hivyo ni zaidi ya 300. Ningefanyaje? Hatuuzi. Telegram namba hazionekani, nimeshafungua na 140 wameshaingia. Ninachouliza ni namna ya kuwahamisha waliobaki bila yule wakala.

Chumvi Nyingi
Tupia linki ya hiyo Telegram nikague ubora 🙏

Mama Kadi
Kwa hiyo Telegram ni maficho. Kutouza hakukuokoi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kunukuu kunaruhusiwa. Kuskani kitabu kizima na kukisambaza kwa watu elfu, hapana. Na ukikisambaza kwa jina la maktaba, barua haitakuja kwako, itakwenda kwa mwajiri.

Rafu ya Pili
Mama, watoto wana mtihani. Nyie mko mjini.

Bwana Faharasa
Subirini. Mkutubi gani anasema wanafunzi "wanakodi" vitabu? Maktaba inaazimisha. Anayekodisha na kuskani ni mwenye stesheni, duka la vifaa vya kuandikia na fotokopi. Uzi huu ni wa kutengeneza, jamaa anatafuta soko la Telegram yake.

Chumvi Nyingi
Uzi umenoga. Nakaa siti ya mbele.

Rafu ya Pili
Kuteleza ulimi ndiyo niwe muuza PDF? Fasihi ya Kiswahili kwetu iko 896.392 kwa namba za Dewey za kupangia vitabu rafuni, lebo mgongoni.

Bwana Faharasa
Hiyo namba yeyote anaipata mtandaoni. Msomaji kachelewa wiki mbili, leo kakirudisha. Kadi ya kitabu unaitafuta wapi?

Rafu ya Pili
Kwenye trei ya kadi za vitabu vilivyoazimwa, nyuma ya kibao cha tarehe aliyotakiwa kurudisha. Tarehe yenyewe imegongwa kwenye karatasi iliyobandikwa mwanzoni mwa kitabu. Ukitafuta chini ya tarehe ya leo utakesha. Kadi naichomoa kwenye tiketi ya msomaji, ile yenye mfuko, nairudisha kwenye mfuko wa kitabu, yeye namrudishia tiketi baada ya faini. Umeridhika?

Bwana Faharasa
Kaunta umekaa. Ila aliyeskani ni nani?

Rafu ya Pili
Kijana wa stesheni ya jirani. Anatoa nakala kwa wanafunzi. Hela yake sijui.

Mama Kadi
Hapo sasa ndipo penye "kukodi".

Kisu cha Bahasha
Tufanye kazi. Anza na Telegram, kule unafuta faili la zamani kwa wote. WhatsApp ukizidi siku mbili na kidogo huwezi kulifuta kwa wote, na lililoshushwa limeshashushwa; kwa hiyo andika kundini wazi kwamba mafaili yameondolewa na yasitumwe tena. Washa idhini ya admini kwa wanaojiunga. Mjibu wakala kwa barua ya ofisi, siyo kwa meseji, na humo humo omba ruhusa ya sura moja ya kila kitabu na punguzo la nakala 10. Vitabu vya kiada watumie kiungo cha Maktaba Mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania). Kwa zile nakala mbili, zifanye za kusomea ndani, zamu ya saa mbili mbili. Zamu ipigiwe kura kundini, kura moja ina machaguo hadi 12, ya siku nzima yanatosha.

Rafu ya Pili
Telegram nimefuta sasa hivi, 60 wameondoka hapo hapo. Picha za majalada nilizoweka Facebook nazo nitoe?

Kisu cha Bahasha
Ziache, ziombee ruhusa kwenye barua hiyo hiyo. Na mkuu wako asaini yeye.

Chumvi Nyingi
Jamani kabla hamjafunga, PDF ya kemia hakuna aliyeishusha?