Bakhshishi kwa nahodha na mabaharia, safari ya uvuvi Watamu: ngapi, kwa nani, lini?

Mratibu_wa_Safari aliuliza:

Wadau, salaam. Tuko sita, wafanyakazi wenza kutoka Nairobi. Tumekodi boti ya uvuvi Watamu kwa siku nzima mwezi wa Desemba. Bei ni shilingi 100,000 kwa boti, ndani yake mna mafuta, chambo na vifaa. Boti ina nahodha na mabaharia wawili. Mwenzetu anayeishi Marekani anasema adabu ni asilimia 20. Mwingine anasema bei ishalipwa, kwa hiyo bakhshishi ni hiari, tukikosa samaki hatutoi kitu. Halafu masharti yanasema samaki watakaopatikana ni wa boti. Sasa tutoe ngapi, tumkabidhi nani, na wakati gani?

Ngoe_na_Waya alijibu:

Kwa boti za kukodi, kuanzia Malindi na Watamu hadi Shimoni, wekeni asilimia 10 ya bei ya boti kuwa kiwango cha kawaida, na mpande hadi 15 wakiwahudumia vizuri kupita kawaida. Kwenu hiyo ni shilingi 10,000: nahodha 4,000, kila baharia 3,000. Hesabu ifuate bei ya boti. Msipige kwa idadi ya vichwa wala kwa kilo za samaki.

Huyo anayesema bei ishalipwa aangalie saa za kazi. Boti ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mabaharia wako ufuoni kabla ya alfajiri: barafu, mafuta, na kushona chuchunge (samaki wadogo wa chambo) kwenye ndoano kwa uzi wa nta. Hiyo kazi ya kushona ni ya ufundi. Chambo kikikaa upande kinazunguka majini kama feni na kuusokota mshipi, na hakuna samaki wa maana atakayekifuata. Mkishashuka, wao wanabaki kuosha fimbo na rili kwa maji yasiyo ya bahari, chumvi isile beringi.

Mkikosa samaki mnatoa vilevile. Desemba ni msimu mzuri wa sulisuli, yule samaki mwenye pua kama mkuki, pale Watamu, lakini hakuna nahodha anayeamrisha mkondo. Cha kupima ni kazi: je, mishipi ilikuwa majini muda wote? Chambo kilikaguliwa na kubadilishwa? Ndege walipoonekana wakitua juu ya maji, dalili ya samaki, nahodha aligeuza usukani au aliendelea na njia yake? Baharia akishinda kwenye simu huku majani ya bahari yamenasa kwenye ndoano, hapo punguzeni, na mwambieni nahodha sababu. Kupunguza kimyakimya hakumfundishi mtu, watadhani ni ubahili tu.

Pa kuongeza ni kwenye sulisuli na nduaro, ndugu yake mkubwa. Hao kwa kawaida hutiwa alama na kuachiwa, na baharia ndiye anayekamata mshipi wa mwisho kwa mkono ili samaki aletwe ubavuni mwa boti. Nduaro akitikisa kichwa wakati mshipi umezungushwa mkononi vibaya, mtu anaweza kuvutwa baharini. Anayefanya kazi hiyo mpeni elfu moja au mbili juu ya fungu lake.

Kuhusu samaki kuwa wa boti: ni utaratibu wa kawaida huku. Nguru, jodari na fulusi huuzwa, na mauzo hayo ni sehemu ya hesabu ya mwenye boti. Ulizeni kabla hamjapanda mnaruhusiwa kuchukua kiasi gani cha kula. Boti nyingi hazina neno na samaki wa kitoweo. Ila msikate bakhshishi kwa hoja kwamba "samaki wamebaki kwao", maana fedha za samaki si lazima ziwafikie mabaharia.

Bandari_Tampa alijibu:

Huyo mwenzenu wa asilimia 20 hajakosea, amehamisha tu desturi ya mahali pengine. Florida asilimia 15 hadi 20 ndiyo kawaida, kwa sababu baharia wa boti za kule mara nyingi hutegemea bakhshishi kwa sehemu kubwa ya kipato chake. Kule pia baharia huwachania samaki minofu mkifika gatini, na kazi hiyo huhesabiwa humo humo. Akitaka kutoa 20 Watamu hakuna atakayelalamika, lakini asiwalazimishe wenziwe watano.

Bi_Wakala alijibu:

Niongeze upande wa pesa zenyewe, maana hapo ndipo vikundi huharibu.

Changeni mapema, shilingi 2,000 kila mtu, mtu mmoja akae nazo. Zinakuwa 12,000. Elfu kumi ni za watatu hao, na zinazobaki ni za nyongeza ya sulisuli au za kumlipa anayewaparia samaki ufuoni. Huyo wa ufuoni mara nyingi si wa boti, mpeni yake mbali, mia mbili au tatu kulingana na kazi. Ikibaki, rudishianeni.

Toeni pesa siku ya kabla. Alfajiri msitegemee kukuta wakala wa M-Pesa amefungua. Chukueni noti za mia tano na za elfu, mzigawe katika bahasha tatu zenye majina, mzitie kwenye mfuko usioingia maji.

Wakitaka M-Pesa, angalieni namba. Mkilipia kwenye Till (namba ya malipo ya biashara) ya kampuni, pesa inaingia kwa mwenye boti pamoja na mauzo mengine, na baharia anaweza asiione. Tumeni kwa namba ya mtu mwenyewe, mhakikishe jina ni lake, na muongeze ada ya kutolea.

Msitoe dola za moja moja. Sarafu za kigeni ndiyo mbaya zaidi, maduka ya kubadilisha fedha hayazitaki. Mgeni wenu wa Marekani abadilishe zake kwanza.

Mratibu_wa_Safari:

Asanteni sana. Mawili bado. Injini ikiharibika turudi saa nne, inakuwaje? Na kuna anayetaka kubeba katoni ya bia awaachie mabaharia badala ya pesa.

Ngoe_na_Waya:

Bia hapana. Mabaharia wengi wa pwani ni Waislamu, na hata asiye Mwislamu hapeleki bia dukani kununua unga. Soda na maji baridi gawaneni nao mkiwa safarini, hiyo ni ukarimu, haihesabiwi kwenye bakhshishi. Safari ikiangukia Ramadhani kiwango ni kile kile. Msiwasukumie chakula mchana, basi.

Injini ni mambo ya mwenye boti. Daini kwake kurudishiwa sehemu ya pesa au siku nyingine. Mabaharia wapeni nusu ya kile mlichopanga, kwa sababu maandalizi yote walishayafanya. Lakini mkirudi mapema kwa kuwa mmoja wenu anatapika, hiyo ni juu yenu, toeni kamili.

Nahodha akiwa ndiye mwenye boti, faida yake imo kwenye bei. Hapo fungu kubwa liende kwa mabaharia, yeye mkono wa shukrani unatosha. Akiwa ameajiriwa, muulizeni mkiwa mnarudi: "Nahodha, mnagawana wenyewe au tumpe kila mtu mkononi?" Mimi ningechagua mkononi, mbele ya wote, boti ikishatia nanga na vyombo vimeshashushwa. Msitoe mkiwa baharini, mikono ina chumvi na damu ya chambo. Wala msitoe kabla ya safari, mtakuwa mmejinyima kipimo.

Ngalawa_Mbili alijibu:

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa wanakwenda kuvua kwa ngalawa, asilimia 10 haihusiki moja kwa moja. Kule mara nyingi unakubaliana bei na wavuvi wenyewe, na hicho unachowapa ndicho mapato yao, wakishatoa fungu la chombo. Ukikubaliana 5,000 ukatoa 5,500 umefanya uungwana. Nailoni na ndoano nzuri hupokelewa kwa furaha, lakini ziwe nyongeza.

Dalali aliyewatafutia chombo ufuoni hadai bakhshishi kwenu, yeye huwa na kamisheni yake kwa mwenye chombo. Kiingilio cha hifadhi nacho ni mbali kabisa, hulipwa kwa risiti. Na mtu akiwaambia ongezeni elfu mbili tuvue ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, kataeni. Uvuvi humo umepigwa marufuku, na hiyo elfu mbili haina jina la bakhshishi. Askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) wakiwakuta, vifaa huchukuliwa na kesi inaweza kuwahusu hata ninyi abiria.

Bi_Wakala:

Nilisahau: kwenye ule mfuko wa bahasha wekeni pia noti za mia mia chache. Kijana anayewavusha kwa kidau kutoka ufuoni hadi boti ilipotia nanga husahaulika kila mara, naye hayumo kwenye ule mgawo wa watu watatu. Mia mbili kwenda na kurudi, kwa kundi zima.