MJADALA: Mtoto anayesema "kurara" akatwe maksi au afundishwe sauti?

Mtoa mada
Wadau habari za jioni. Kuna hili jambo linaniuma. Mtoto wa jirani yangu huku Mbagala, darasa la tatu, kasimama kusoma kasema "arirara" badala ya "alilala", akaambiwa mvivu, wenzake wakacheka, sasa hataki tena kusoma mbele ya watu.

Huyu mtoto sio mvivu jamani. Kwao wanaongea Kikurya na Kikurya hakina L, kina R tu, kwa hiyo sikio lake limekua likizichukua hizo mbili kama sauti moja. Waganda nao wanazo zote mbili mdomoni ila kwao ni sauti moja, ikitanguliwa na i au e inatoka R, kwingine inatoka L, na mwenyewe hata hajui kama anabadilisha. Hapo ndo fonetiki na fonolojia zinapoachana: ya kwanza inaangalia mdomo unafanya nini, ya pili inaangalia lugha yako inaitambua hiyo sauti kama nani. Sasa Kiswahili kinazitenganisha, kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Mtoto atajuaje hilo kama hakuna aliyemuonyesha?

Mama wa Kibada
Mtoa mada nakupinga. Huruma zikizidi ndo tunapata mtangazaji anasema wananchi wamepiga kula. Shule ndo pa kumnyoosha mtu, mwalimu asipokata maksi nani atamrekebisha, mwajiri? Wangu alikuwa hivyohivyo, nikamkazania mpaka kanyooka.

Kijana wa Buguruni
Basi mkate kote, msichague. Sisi wa hapa Dar tunasema selasini, zahabu, feza, na hatuchekwi. Th, dh na gh zimekuja na maneno ya Kiarabu, wengi wetu hazitutoki, lakini tukimsikia mtu wa Mara na R yake ndo tunajiona wenye lugha. Hata hicho Kiswahili sanifu kilichaguliwa, 1928 kwenye mkutano wa Mombasa wakakubaliana msingi uwe Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, ndo maana Mmvita wa hapohapo Mombasa anayesema "ndoo" kwa maana ya "njoo" leo angekatwa maksi. Tunachocheka ni anakotoka mtu, sauti ni kisingizio.

Mtoa mada
Buguruni umenigusa, hilo la th na dh sikulileta na ni zito.

Mama wa Kibada, kwa mtangazaji tuko pamoja, anasoma habari kwa nchi nzima lazima azitenganishe, ndo kazi yake. Mimi naongelea darasa la tatu. Na wewe ulimkazania wako, yaani ulikaa naye, hukumkatia maksi ukaondoka.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa. Anza na sikio: mwalimu afunike mdomo kwa daftari aseme "kula" au "kura", mtoto aonyeshe picha ya sahani au ya sanduku la kura, mpaka asikosee. Halafu ndo ulimi. Kwenye L ncha inabana ufizi nyuma ya meno ya juu na inatulia hapo, hewa inapita pembeni, unaweza kuivuta "llll" mpaka pumzi iishe. Kwenye R ncha haitulii, inagongagonga ufizi. Th na dh zote ulimi unakuja kati ya meno, tofauti yake weka kiganja kooni, kwenye dh utasikia koo linatetema, kwenye th kimya. Wanaosoma Kiswahili chuo kikuu hivi vitambaza (sauti kama L) na vimadende (sauti kama R) wanavijua, lakini mwalimu wa darasa la kwanza ndo anayekutana na huo ulimi wakati bado unafundishika, na niliowauliza mimi hawakuweza kuniambia L inatokea wapi mdomoni.

Kwa hiyo anayetetea kukata maksi anijibu hili moja: mwalimu akishakata, kesho yake asubuhi anamfanyia nini huyo mtoto ili aisikie tofauti?