Métal Hurlant mnaisimulia kila siku, Ah! Nana mmeizika wapi?

Wakuu, leo niacheni niseme, maana nimechoka.

Kila anayeleta historia ya majarida ya katuni za watu wazima Ufaransa analeta hadithi ileile. Mwisho wa 1974, wachoraji Moebius na Druillet, mwandishi Dionnet, na Farkas wanaanzisha nyumba ya uchapishaji, Les Humanoïdes Associés. Januari 1975 jarida lao, Métal Hurlant, linatoka. Arzach, mhusika wa Moebius, anapaa mgongoni mwa dude lake lenye mabawa, hadithi nzima haina neno hata moja. 1977 Wamarekani wanakuja na toleo lao, Heavy Metal, halafu filamu zinazosemwa zilichota humo, Alien, halafu Blade Runner, makofi! Farkas alikuwa mtu wa fedha tu, hakuchora hata mstari, naye mnamkumbuka kwa jina.

Sasa niambieni: nyumba hiyohiyo ya uchapishaji, kuanzia Oktoba 1976, ilikuwa inatoa jarida gani lingine?

Kimya. Linaitwa Ah! Nana. Lilichorwa na kuandikwa na wanawake, wanaume wakikaribishwa mmojammoja kama wageni. Humo walikuwemo Chantal Montellier, Florence Cestac, Nicole Claveloux, na kutoka Marekani Trina Robbins. Na hawakuwa wanachora maua. Walichukua mada ambazo hata leo ukizitaja mezani watu wanainamia sahani zao: Unazi, ushoga, ngono ndani ya familia.

Msiniletee habari za "kiwango". Huyo Claveloux alichapishwa hata ndani ya Métal Hurlant yenu. Itafuteni La Main verte, aliyoichora kwa maandishi ya Edith Zha: mwanamke anaishi na ndege mkubwa aliyejaa huzuni, kisha analeta mmea nyumbani. Zile rangi zinachoma macho, na yule ndege anakera kuliko shemeji aliyehamia kwako bila kuaga kwao. Mtu aliyechora kitu kile hahitaji kuonewa huruma na yeyote.

Kilichowaua ni sheria. Ufaransa ina sheria ya tarehe 16 Julai 1949, iliyotungwa kwa ajili ya machapisho ya watoto na vijana. Chini ya sheria hiyo waziri wa mambo ya ndani anaweza kukataza chapisho lisiuzwe kwa walio chini ya miaka 18, na pia lisianikwe wala kutangazwa. Hapo kwenye kuanikwa ndipo penye kisu. Gazeti linaruhusiwa kuwepo, ila mwenye kibanda haruhusiwi kuliweka mbele ya macho ya mpita njia. 1978 Ah! Nana likabandikwa jina la ponografia, na toleo la 9 likawa la mwisho.

Ponografia! Métal Hurlant ilikuwa imesheheni wanawake wasio na nguo kurasa kwa kurasa, na iliendelea hadi 1987.

Najua kuna atakayeniambia kwamba hata gazeti la kejeli la Hara-Kiri lilipigwa na sheria hiyohiyo Novemba 1970, lilipomtania de Gaulle aliyekuwa amefariki punde. Kweli kabisa. Na wiki iliyofuata wenyewe walirudi kwa jina la Charlie Hebdo, na hadithi hiyo inasimuliwa mpaka kesho kama ushujaa. Kina dada hawakupata wiki yao ya kufuata.

Wala hawakunyamaza. Januari 1985 Montellier, Claveloux, Cestac na Jeanne Puchol walichapisha katika gazeti la Le Monde tamko lenye kichwa "Navrant", yaani inasikitisha, wakizishambulia katuni za wakati ule kwa jinsi zilivyomdhalilisha mwanamke. Mnafikiri kuna aliyejifunza? 2016 tamasha la katuni la Angoulême likatoa majina 30 ya wanaowania tuzo yake kuu, mwanamke hata mmoja hamna, mpaka baadhi ya wanaume waliotajwa wakaomba majina yao yaondolewe. Ni aibu iliyoje!

Basi mkija na zile makala zenu ndefu za "wababe wanne wa Paris", mimi nitakuwa hapa nauliza swali lilelile. Na anayejibu eti halikuwa maarufu, aanze kunieleza gazeti lililokatazwa kuwekwa mezani lingejulikanaje.