Naomba ushauri: mwaka wa kwanza uzee wa kanisa, michango imeniweka njia panda
Shalom wapendwa. Nipo huku Chamwino, Dodoma, mwaka jana washarika walinichagua mzee wa kanisa. Kinachonisumbua sasa ni michango ya bati za kuezekea kanisa, huku tunategemea mtama, uwele na alizeti, mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, ikikata mapema kama safari hii majumbani hamna kitu. Jumapili bibi mmoja mjane kaleta nusu debe la mtama kwenye mnada baada ya ibada na najua kwake hamna akiba, roho iliniuma sana. Kamati inataka wasiochangia wasomwe majina mbele ya watu, mimi sikubali kabisa. Mliowahi kuongoza, nawaambiaje wazee wenzangu, wengine rika la baba yangu, bila kuonekana nawadharau? Na bati tusogeze mpaka mavuno yajayo au?